Risasi Iliyolala Mfupani

Mzee Rejeta alipobadilishiwa nyonga, kipande cha mfupa wake kilibaki kwenye bakuli la chuma pale hospitali. Kilikuwa kichwa cha mfupa wa paja, cha mviringo kama kitasa cha mlango, na kwa kawaida vitu vya namna hiyo huchomwa pamoja na pamba na bandeji za chumba cha upasuaji. Safari hii kulikuwa na mtu aliyekitaka. Msichana mwembamba wa chuo kikuu, amevaa koti jeupe lililomzidi mabega, alikuja wodini kuomba ruhusa. Alisimama upande wa miguu wa kitanda, akakohoa kidogo, akakohoa tena.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa basi. Ukinisimamia hapo miguuni unanifanya nijione maiti."

Binti wa mzee, aliyekuwa akimmenyea chungwa kando ya kitanda, alicheka. Msichana hakucheka. Aliketi ukingoni mwa kiti akaeleza shida yake. Alikuwa akipima madini yaliyomo kwenye mifupa ya watu wa mji: zinki, shaba, chuma, risasi. Mfupa, alisema, hausimami tu kama nguzo. Unabomolewa kidogo kidogo na kujengwa upya maisha yote, na unapojengwa huchukua chochote kinachopita kwenye damu. Maji ya bomba lililochakaa, vumbi la barabara kuu, moshi wa sigara, kazi ya mikono, vyote huacha kitu. Mtu akihama, akiacha sigara au akibadili kazi, damu yake husafika upesi. Mfupa huchukua miaka mingi.

"Kwa hiyo unataka mfupa wangu," mzee alisema.

"Ule uliokwisha kutolewa tu, mzee."

"Chukua. Nikienda nao nyumbani, mbwa wa mtaa mzima watanifuata."

Msichana akamuuliza kama anavuta sigara. Mzee akasema aliacha siku marehemu mkewe alipotishia kumwacha yeye. Akamuuliza anakunywa maji gani, nyumba yake iko umbali gani na barabara, anapikia nini. Kila swali lilipata jibu na kichekesho chake. Alipofika kwenye kazi, mzee alinyoosha mikono yake miwili juu ya shuka, yenye makovu madogo meupe ya kuungua, akasema, "Kuziba rejeta za magari. Tangu nikiwa kijana mpaka nilipoanguka. Sijui kitu kingine." Msichana alishukuru, akaondoka. Tangu hapo baba na binti walimwita Binti Mifupa, na kwa wiki kadhaa hawakumfikiria tena.

Huyo binti mwenye chungwa ndiye ambaye habari hii ni yake. Mtaani walimjua kwa jina la Kidole. Baba yake alimpa jina hilo alipokuwa mdogo, kwa sababu kidole chake cha shahada kiliingia mahali ambapo koleo haikuingia, katikati ya mirija ya rejeta. Mama yake alifariki mapema, na mzee hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Akamchukua gereji. Kwanza alimkalisha juu ya tairi kuukuu na kitabu cha shule. Kisha akampa brashi ya kusugulia kutu. Baadaye, kabla hajamaliza hata shule ya msingi, Kidole alikuwa anaziba matundu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Rejeta iliyovuja ilizamishwa ndani ya pipa la maji, mzee akapuliza hewa, na pale mapovu yalipotokea ndipo penye tundu. Pakasuguliwa mpaka shaba ing'ae, pakapakwa asidi, pakapashwa moto kwa jiko la bomba linalotema moto, kisha pakaguswa kwa fimbo ya lehemu. Lehemu ile ilikuwa bati lililochanganywa na risasi, madini laini ya kijivu yanayoyeyuka upesi na kutulia vizuri. Mtu alihitaji mkono mmoja wa kushika rejeta na mwingine wa kushika jiko. Mkono wa tatu haukuwepo, kwa hiyo fimbo ya lehemu ilikaa mdomoni. Kidole aliibana kwa magego upande wa kushoto, akaichomoa ilipohitajika, akairudisha. Ladha yake ilikuwa tamutamu. Alikua nayo mdomoni kama watoto wengine wanavyokua na penseli.

Alifanya kazi hiyo mpaka alipoolewa. Mume wake alikuwa fundi cherehani mwenye duka la mlango mmoja, na nyuma ya duka palikuwa na vyumba viwili na ua mwembamba wenye bomba. Kidole akaacha moto na asidi, akajifunza kutia vifungo na kukata matundu yake. Alisema kazi ilikuwa ileile, kuziba na kutoboa, ila hii haiunguzi. Baba yake alipovunjika nyonga, alimleta akae nao chumba cha pili. Wakati huo mimba yake ilikuwa imeanza kuonekana.

Mimba hiyo ilikuwa imesubiriwa na watu wote, zaidi ya wote mama wa fundi cherehani. Huyo alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya barabara, anayefuga ng'ombe wawili nyuma ya nyumba yake na kuuza maziwa. Mwanawe alikuwa wa pekee. Kila siku alikuja na chupa ya maziwa kwa ajili ya "mgeni wangu", na mgeni huyo hakuwa Mzee Rejeta.

Binti Mifupa alirudi wakati mzee ameanza kutembea na mkongojo uani. Fundi cherehani alikuwa dukani na mteja. Kidole alikuwa akitoka jikoni na sinia ya chai aliposikia sauti ile ndogo.

"Mzee, katika mifupa yote niliyopima, wako ndio wenye risasi nyingi kuliko yote. Nyingi mno. Nimerudia kupima, nilidhani nimekosea."

"Basi nimekuwa wa kwanza darasani uzeeni," mzee alisema. "Kuna zawadi?"

"Nilitaka kukuuliza jambo. Pale gereji, kuna mtu mwingine aliyefanya kazi karibu nawe? Kwa muda mrefu?"

Mzee aliinua macho akamwona Kidole amesimama mlangoni na sinia, tumbo lake limetangulia mbele. Akayarudisha macho chini.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa peke yangu."

Kidole aliweka sinia juu ya kigoda. Alimwangalia baba yake, na baba yake akaangalia ncha ya mkongojo. Binti Mifupa alikunywa chai haraka, akaaga. Alikuwa amekwisha kupita duka la viatu la jirani Kidole alipomfikia.

"Dada, subiri." Alikuwa anahema. "Alikuwa na mtu. Ni mimi."

Msichana aligeuka. Hakuangalia uso wake, aliangalia tumbo, kisha akaona haya kwa kuangalia hivyo.

"Uliacha lini?"

"Nilipoolewa. Zamani kidogo. Sasa natia vifungo tu, sigusi hata msumari. Itakuwa imekwishatoka, siyo?"

Binti Mifupa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena. Kisha akaeleza, huku watu wakiwapita mabegani. Mwili haujui risasi ni nini. Unaidhania kalsiamu, ile inayojenga mifupa, na unaihifadhi humohumo. Humo inakaa kimya miaka na miaka bila kumsumbua mwenyewe. Lakini mtoto tumboni naye anajenga mifupa, na kama mama hali chakula cha kutosha kwa wote wawili, mwili unakwenda kuchukua akiba. Unabomoa mfupa wa mama. Inatoka kalsiamu, na risasi inatoka pamoja nayo, inaingia kwenye damu, na damu inapita kwenye kondo la nyuma.

"Inafika kwa mtoto?"

"Inafika."

"Inamfanya nini?"

"Inategemea ni kiasi gani. Ubongo ndio..." Akasita. "Tukupime kwanza. Usiogope kabla hatujapima."

Walipima siku iliyofuata, kwa mashine ndogo ya kliniki ya wajawazito ambayo Binti Mifupa alikuwa anaruhusiwa kuitumia. Tone la damu, kusubiri kidogo, basi. Kipimo kilikuwa juu ya mstari ambao kliniki ilitaka wajawazito wakae chini yake. Haikuwa juu sana, msichana alisema, akarudia mara mbili. Dawa za kuvuta risasi zilikuwepo, lakini hazipewi mjamzito ila hali ikiwa mbaya kabisa. Angeongea na daktari. Wangempima tena baada ya wiki chache. Mlangoni, akitafuta neno la kumtia moyo, akasema, "La muhimu ni isizidi kuingia, na iliyopo itoke mwilini."

Kidole aliibeba sentensi hiyo mpaka nyumbani. Alimkuta baba yake peke yake, amekaa ukingoni mwa kitanda, akamwambia yote neno kwa neno. Mzee alisikiliza huku akisugua goti.

"Mumeo anajua?"

"Bado."

"Usimwambie. Mama yake akisikia, atasema nimemwozesha mwanawe rejeta mbovu iliyopakwa rangi." Alijaribu kutabasamu, akashindwa. "Nisubiri nifikirie, mwanangu. Hii ni kazi ya uchafu ndani ya mirija. Uchafu wa mirija naujua."

Alifikiria kwa njia aliyoijua. Rejeta ikijaa kutu na chumvi ndani, fundi haongezi kitu. Anaifungulia maji yapite, yapite tena, mpaka yatoke meupe. Na akiongeza chochote kabla haijasafishwa, kinagandia juu ya uchafu na kuufunika. Mifupa ilikuwa na uchafu. Maziwa hujenga mifupa, kila mtu anajua. Kwa hiyo maziwa yangeifunika risasi mle ndani na kuiacha ikae. Iliyotakiwa ni kuacha kujenga na kusukuma maji mengi. Binti Mifupa mwenyewe si alisema itoke?

Kidole alimwamini. Alikuwa amemwona baba yake akifufua rejeta ambazo mafundi wengine walizitupa. Akaacha maziwa, mayai na wale samaki wadogo wanaotafunwa pamoja na mifupa yao. Akanywa maji, mtungi mzima kwa siku, mpaka tumbo likawa linacheza kama ngoma ya maji na mtoto akawa anapiga teke kwa hasira. Mzee alimjazia kikombe kwa mkono wake. "Moja tena," alikuwa akisema. "Kwa ajili ya mwenzetu."

Tatizo likawa mama mkwe. Chupa ya maziwa ilikuja kila siku, ya moto bado, na mwenye chupa alitaka kuona ikinywewa.

"Nitainywa jioni, mama."

"Jioni itakuwa imeharibika. Kunywa sasa nione."

"Kichefuchefu, mama."

"Miezi yote hii kichefuchefu? Huyo mtoto au pombe?"

Akiondoka, Kidole aliyamwaga kwenye mfereji wa uani na kumwagia maji juu yake. Usiku alisikia mifupa ya miguu ikimuuma kwa ndani, maumivu mazito, na akajiambia kuwa ndiyo risasi inatoka. Mashavu yalimbonyea. Mume wake, mtu wa maneno machache aliyezoea kusema akiwa na pini mdomoni, alimpima kiuno kwa macho siku moja akasema, "Tumbo linakua, wewe unapungua. Kuna nini?" Akajibu hakuna kitu. Lilikuwa jambo la kwanza kubwa alilomficha, na kila siku ilipopita likawa gumu zaidi kulitoa.

Kisha mama mkwe akasahau mtandio wake. Alirudi kuuchukua, akapita ua bila kubisha, akamkuta Kidole ameinama juu ya mfereji na chupa mkononi, maziwa yanatiririka meupe kuelekea barabarani.

Akasogea mpaka ukingoni mwa mfereji.

"Maziwa yangu yana nini?" aliuliza.

"Mama..."

"Naamka gizani kukamua. Nayachuja kwa kitambaa ninachokichemsha mwenyewe. Niambie yana nini, niache kuwauzia watu sumu."

"Hayana kitu, mama. Ni mimi."

"Kama hutaki mjukuu wangu anywe cha kwangu, ungesema. Mfereji haujaniomba kitu." Akachukua chupa kutoka mkononi mwake, akapita dukani, akamwambia mwanawe maneno mawili matatu ambayo Kidole hakuyasikia. Dirishani, Mzee Rejeta alikuwa amesimama na mkongojo. Alikuwa ameona yote, na hakutoka.

Kwa sababu hiyo siku ya kipimo cha pili fundi cherehani alifunga duka akasema anamsindikiza kliniki. Walikaa kwenye benchi la kliniki, tone la damu likachukuliwa, na Binti Mifupa akaisogeza mashine karibu na dirisha kusoma. Akasoma. Akabadilisha kile kikaratasi cha kupimia, akaomba kidole kingine, akasoma tena.

"Risasi imepanda," alisema. "Sana. Haikupaswa kupanda hivi. Mnafanya nini nyumbani? Kuna mtu anayeyusha kitu? Kuna rangi inabanduliwa?"

"Risasi gani?" fundi cherehani aliuliza. "Nani ana risasi?"

Kidole alimgeukia Binti Mifupa.

"Haitoki?" aliuliza. "Tunaisukuma itoke. Nakunywa maji tu. Sijagusa maziwa, sijagusa samaki wala mayai. Baba anasema usijenge juu ya uchafu. Nasikia kabisa inatoka mifupani, inauma."

Binti Mifupa alikaa chini. Kwa muda alionekana mdogo kuliko umri wake.

"Inatoka kweli," alisema polepole. "Ndiyo maana imepanda. Ukimnyima mtoto kalsiamu mezani, anaichukua kwako. Mfupa unabomoka, risasi inatoka, inaingia kwenye damu. Rejeta ina koki chini, unaifungua, uchafu unamwagika nje. Wewe huna koki. Figo zinatoa kidogo kidogo tu. Nyingine inazunguka, na ndani ya mzunguko huo kuna yeye." Akaisukuma mashine kando. "Nilikuambia itoke mwilini. Sikueleza. Nilipaswa kukuambia ikae palepale ilipo. Sasa hivi, pale mfupani ndipo mahali salama."

Fundi cherehani alikuwa amesimama. "Tangu lini?" alimuuliza mkewe. "Unajua hili tangu lini?"

"Tangu kabla hujaniuliza kuna nini."

Mume wake alitoka nje. Kidole alidhani amekwenda zake, na akakaa akisikiliza maelekezo kwa nusu ya sikio: maziwa, samaki na mayai, vidonge vya kalsiamu usiku, vidonge vya chuma, asifunge, asiruke mlo hata mmoja. Mtoto alikuwa ameingia kwenye miezi ambayo mifupa yake inakaza, na hiyo ndiyo miezi anayodai zaidi. Hakukuwa na muda wa kukosea tena. Alipotoka alimkuta mume wake amesimama chini ya ubao wa matangazo, anausoma kama mtu asiyeona herufi.

"Atakuwa mzima?" aliuliza bila kugeuka.

"Hawajui."

Wakatembea. Karibu na duka, akasema, "Mama utamwambia wewe. Mimi sitakuwa na ulimi."

Kidole alimwambia mama mkwe wake wima, kwenye zizi, huku ng'ombe mmoja akimnusa mkono. Alisema yote, gereji, fimbo ya lehemu mdomoni, maji, mfereji. Hakulia, kwa sababu alijua akilia atahurumiwa kabla hajamaliza. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya mgongo wa ng'ombe.

"Kwa hiyo nilikuletea dawa mlangoni," alisema, "na ukainywesha barabara."

"Ndiyo, mama."

"Na baba yako dirishani anakuangalia."

"Ndiyo."

Mama mkwe alichukua ndoo, akaketi juu ya kigoda chake, akaanza kukamua kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alipomaliza alijaza kikombe kikubwa cha bati.

"Utakunywa. Nayachemsha kwanza, halafu unakunywa, na sitaondoka hapa."

Jioni hiyo alikwenda kwa Mzee Rejeta. Mlango wa chumba cha pili ulifungwa, na Kidole, uani, alisikia sauti moja tu ikisema. Alisikia, "mtoto wa miaka saba." Alisikia, "ulipoona tumbo lake, ukasema uko peke yako." Baba yake hakujitetea hata kwa kichekesho. Alitoka baadaye, akaenda bombani, akafungua maji akayaacha yamwagike mikononi muda mrefu. Tangu siku hiyo hakumjazia mtu kikombe. Alikuwa anakaa mlangoni, na kila Kidole alipokula, alitazama kijiko kikipanda na kushuka.

Kipimo cha tatu kilishuka kidogo. Binti Mifupa alisema kushuka ni kushuka, lakini hakutabasamu. Kidole alikula hata alipokosa hamu. Alitafuna samaki wadogo na vichwa vyao. Mama mkwe alikuja asubuhi na jioni, akasimama juu yake na mikono kiunoni. "Hiyo mikia pia," alikuwa akisema. "Mjukuu wangu anajenga magoti." Maumivu ya miguu yalipungua, na kupungua huko sasa ndiko alikokuomba. Wakati mwingine, akiwa ameinama juu ya shati, mtoto alitulia muda mrefu, na sindano ilisimama hewani mpaka teke lilipokuja.

Uchungu ulimshika asubuhi dukani. Mpaka mchana alikuwa amejifungua mtoto wa kike hospitali. Mkunga alichukua damu ya Kidole na ya kitovu kwenye vichupa viwili kama alivyoombwa, akampa Binti Mifupa aliyekuwa akingoja nje, na msichana yule akaondoka navyo kwa hatua za haraka, mikono yote miwili imevishika.

Mtoto alifutwa, akavingirishwa, akawekwa kifuani kwa mama yake. Akaanza kutafuta. Kinywa kilizunguka juu ya ngozi, kikafunguka, kikakosa. Akalia.

"Mpe titi," mkunga alisema.

"Nangoja."

"Unangoja nini, mama? Mwenzio hangoji."

Kidole alimkumbatia na kumpapasa. Alikuwa amewauliza kliniki kuhusu maziwa yake mwenyewe, na Binti Mifupa alikuwa amesema wataamua wakiona kipimo chake cha siku ya kujifungua pamoja na cha mtoto, yeye na daktari. Kunyonyesha nako kunabomoa mfupa. Mtoto alilia mpaka akawa mwekundu. Maziwa yalilowesha nguo ya Kidole yenyewe bila kuulizwa. Mume wake alisimama kichwani mwa kitanda na kukunja pindo la shuka, akalikunjua, akalikunja. Nyuma ya pazia, mkongojo wa Mzee Rejeta uligonga sakafu, ukatulia, ukagonga tena.

Binti Mifupa aliingia akimtangulia daktari. Alikuwa amekimbia.

"Ipo," alisema, kwa sababu hakujua kuanza kwa njia nyingine. "Imemfika. Lakini ni chini ya nilivyohofia. Chini ya kipimo chako. Iko karibu na ile tunayoikuta kwa watoto wengi wa kando ya barabara kuu."

"Imemdhuru?"

"Leo hakuna mtu anayeweza kukuambia," daktari alisema. "Tutampima mara kwa mara, na tutamwangalia anavyokaa, anavyosema, anavyojifunza. Nisikudanganye. Lakini nimeona waliozaliwa na nyingi zaidi ya hii wakakua vizuri."

"Na nikimnyonyesha?"

"Kwa kipimo chako cha leo, nyonyesha. Risasi inayopita kwenye maziwa ni kidogo. Ukila ulivyokula miezi hii, itakuwa kidogo zaidi."

"Lakini ipo."

"Ipo. Na usipomnyonyesha ataikosa hiyo kidogo, na atakosa na mengine yote."

Kidole alimwangalia mtoto. Kilio kilikuwa kimegeuka mikwaruzo ya sauti, kinywa kiko wazi, taya linatetemeka. Alifungua kifungo cha kwanza, cha pili. Kifungo cha tatu, alichokitia mwenyewe, kiligoma kutoka tunduni. Mume wake aliinama akakifungua.

Mtoto alishika. Kilio kilikatika ghafla, na chumba chote kikasikia akimeza funda la kwanza.

"Ananyonya?" sauti ya Mzee Rejeta iliuliza nyuma ya pazia.

Mama mkwe aligeukia pazia. Tangu ile jioni hakuwa amemsemesha.

"Ananyonya, mzee," alisema. "Ingia umwone."

Mkongojo haukusogea. Kidole alingoja, macho kwenye pazia, huku akihesabu mafunda ya mtoto bila kujua anahesabu. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, "Baba, njoo." Na pazia likaanza kufunguka.